Usemi wa Ndani, Kumbukumbu ya Kazi na Tajriba ya Kusikia Sauti: Mtazamo wa Isimu-Saikolojia

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhusiano uliopo baina ya usemi wa ndani, kumbukumbu ya kazi na tajriba ya kusikia sauti zisizo na msemaji anayeonekana. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya tajriba hiyo inaweza kuelezwa kwa kurejelea lugha ambayo kila mtu huitumia kimoyomoyo, ingawa maelezo hayo hayatoshelezi sauti za aina zote. Aidha, makala yanaonyesha kwamba swali ambalo mhudumu wa afya huweza kumwuliza mgonjwa, 'Je, unasikia sauti?', lina utata wa kimaana katika Kiswahili, na kwamba utata huo unaweza kumdhuru anayeulizwa. Inapendekezwa kuwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili washiriki katika kuunda maswali na istilahi za uwanja huu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi aliyepanga foleni akisubiri kulipa karo hurudia nambari yake ya usajili bila kufungua kinywa. Mama aliye jikoni hujikumbusha kwamba chumvi bado. Dereva aliyekwepa ajali hujilaumu njia nzima. Hakuna anayewasikia watu hawa, lakini wote wanatumia lugha. Kiswahili kimeupa usemi wa aina hii makao maalumu: mtu husema moyoni, husoma kimoyomoyo na huweka jambo moyoni. Wahenga walisema kwamba kinywa ni jumba la maneno. Mazoea ya lugha yenyewe yanaonyesha kuwa moyo nao ni jumba la pili, na kwamba maneno yaliyomo humo ni mengi kuliko yanayotoka nje.

Hata hivyo, wapo watu ambao husikia wakisemeshwa, na wakigeuka hawaoni mtu. Tajriba hii si ya wagonjwa pekee. Mwaka 1894 chama cha Uingereza kiitwacho Society for Psychical Research kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu 17,000. Takriban mmoja kati ya kila kumi alikiri kuwahi kuona, kusikia au kuguswa na kitu ambacho hakikuwapo, akiwa macho. Waliofiwa, kwa mfano, huweza kuisikia sauti ya marehemu ikiwaita kwa jina siku kadhaa baada ya maziko.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu wa namna hii huweza kuitwa mwendawazimu, mwenye pepo au nabii. Kila jina humfungulia njia yake: la kwanza humpeleka hospitalini, la pili kwa mganga, la tatu madhabahuni. Kwa hivyo uteuzi wa neno si suala la mtindo tu. Huamua mtu atasaidiwa na nani, atasaidiwa vipi, na atatazamwa kwa jicho gani na majirani zake.

2.0 Usemi wa Ndani

2.1 Asili yake

Msingi wa nadharia ya usemi wa ndani uliwekwa na mwanasaikolojia wa Kirusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, mwaka uo huo ambapo kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilichapishwa. Kwa mujibu wa Vygotsky, usemi wa ndani una asili ya kijamii. Mtoto huanza kwa kusemeshwa na wengine. Mama humwambia, 'Shika hapa, usiachilie.' Baadaye mtoto huyo, akiwa peke yake na kikombe chake, hujiambia kwa sauti, 'Shika hapa, usiachilie.' Hatimaye maneno hayo hayasikiki tena. Jean Piaget alikuwa ameuona usemi huu wa mtoto kuwa dalili ya kutoweza kuzingatia mtazamo wa mwingine, dalili ambayo hufifia kadiri mtoto anavyokua. Vygotsky alipinga. Kwake, usemi huo haufi, bali huhamia ndani na kuwa chombo cha kufikiria na cha kuongoza matendo.

Msimamo huu una matokeo mawili. Kwanza, usemi wa ndani hubaki na sura ya mazungumzo, kwa kuwa ulizaliwa katika mazungumzo. Mtu huweza kujiuliza na kujijibu, kujikanya na kujitetea. Pili, usemi huo hufupishwa. Kwa kuwa msemaji na msikilizaji ni mtu mmoja, mengi hayahitaji kutamkwa. Neno moja, 'Funguo!', linaweza kubeba ujumbe wote wa 'Nimesahau funguo zangu mezani na itanibidi nirudi.' Kiswahili kwa kawaida hudai kiambishi cha nafsi katika kitenzi. Usemi uliofupishwa hukwepa dai hilo kwa kukiacha kitenzi chenyewe.

Watafiti wa baadaye wameyaendeleza mawazo haya. Charles Fernyhough hutofautisha usemi wa ndani uliopanuliwa na ule uliofupishwa. Mwaka 2011 yeye pamoja na Simon McCarthy-Jones walibainisha sifa nne za usemi huu: umbo la mazungumzo, ufupisho, kuwapo kwa sauti za watu wengine, na tathmini au uhimizaji wa nafsi. Sifa ya tatu ina umuhimu mkubwa katika mjadala huu: hata mtu asiye na maradhi yoyote huweza kumsikia mzazi wake akimkemea moyoni.

2.2 Usemi wa ndani na uzungumzi nafsia

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kutofautisha usemi wa ndani na uzungumzi nafsia. Uzungumzi nafsia ni mbinu ya jukwaani: mhusika husema peke yake kwa sentensi kamili ili hadhira imwelewe. Usemi wa ndani hauna hadhira. Tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare ni mfano mwafaka kwa sababu ina mambo yote mawili. Kabla ya mauaji, Macbeth anazungumza peke yake kuhusu jambia analoliona hewani. Huo ni uzungumzi nafsia. Baada ya mauaji, anamweleza mkewe kwamba alidhani amesikia sauti ikitangaza kuwa hatalala tena. Mkewe anamwuliza ni nani aliyepaza sauti hiyo. Swali hilo la mke ndilo swali la taaluma nzima: maneno yakisikika, mwenyewe ni nani?

3.0 Kumbukumbu ya Kazi

Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walipendekeza kielelezo cha kumbukumbu ya kazi, yaani uwezo wa akili wa kuhifadhi mambo machache kwa muda mfupi huku ikiyafanyia kazi. Kielelezo hicho kilikuwa na sehemu tatu: msimamizi mkuu, ubao wa taswira na kitanzi cha kifonolojia. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, ambayo huunganisha taarifa kutoka vyanzo mbalimbali kuwa tukio moja.

Kitanzi cha kifonolojia ndicho kinachohusu mada hii. Kina ghala dogo ambamo alama ya sauti hukaa kwa takriban sekunde mbili kabla ya kufifia, na kina urudiaji wa kimya ambao huihuisha alama hiyo. Ghala huitwa sikio la ndani na urudiaji huitwa sauti ya ndani. Kwa maneno mengine, mtu anayehifadhi nambari ya simu hadi apate kalamu hujisemesha na kujisikiliza kwa wakati mmoja.

Ushahidi wa kuwapo kwa kitanzi hiki ni wa kiisimu. Kwanza, maneno yanayofanana kwa sauti huchanganyika kwa urahisi. Orodha ya 'bata, kata, pata, nata, tata' ni ngumu kukaririwa kwa mpangilio wake kuliko 'meza, jiwe, ngoma, siku, fundi', ijapokuwa maneno yote ni mafupi na ya kawaida. Pili, maneno yanayochukua muda mrefu kutamkwa huhifadhika machache. Tatu, mtu akilazimishwa kutamka silabi moja mfululizo, kama vile 'na, na, na', urudiaji wake huzibwa na uwezo wake wa kukumbuka orodha hupungua.

Athari ya urefu wa maneno ina mvuto wa pekee kwa watafiti wa lugha. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionyesha kwamba wazungumzaji wa Kiwelisi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa kuwa majina ya tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu kutamkwa. Katika Kiswahili, majina ya tarakimu kuanzia moja hadi tisa yote yana silabi mbili, na sifuri ina tatu. Katika Kiingereza, majina hayo yana silabi moja moja isipokuwa la saba na la sifuri. Mwanafunzi Mkenya ambaye hufunzwa hesabu kwa Kiingereza na kuhesabu pesa sokoni kwa Kiswahili ni mshiriki bora wa jaribio la aina hii, na vifaa vyake havizidi karatasi na saa.

4.0 Kutoka Usemi wa Ndani hadi Sauti

Ikiwa kila mtu ana sauti ya ndani na sikio la ndani, kwa nini wengi hawaisikii sauti hiyo kama ya mgeni? Jibu ambalo limejadiliwa sana ni la kujifuatilia. Ubongo unapotoa amri ya tendo, hutoa pia taarifa ya kutabiri matokeo ya tendo hilo, na hisia zilizotabiriwa hupunguzwa makali. Ndiyo maana mtu hawezi kujitekenya akacheka. Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, au waliohisi kuwa matendo yao yanaongozwa na nguvu za nje, walihisi mguso wao wenyewe kwa makali sawa na mguso wa mtu mwingine. Kwa mujibu wa mawazo ya Christopher Frith, yaliyochapishwa mwaka 1992, hitilafu ya namna hiyo ikitokea katika usemi wa ndani, maneno ya mtu humrudia yakiwa hayana chapa ya umiliki. Huyasikia, lakini hayatambui kuwa yake.

Majaribio kadhaa yanaiunga mkono hoja hii. Mwaka 1949 Louis Gould alieleza kuhusu mgonjwa ambaye minong'ono yake hafifu, ilipokuzwa kwa kipaza sauti, ililingana na yale aliyosema kuwa sauti zilimwambia. Mwaka 1987 Peter Bick na Marcel Kinsbourne waliripoti kwamba wagonjwa wengi waliowachunguza walisema sauti zilinyamaza walipofungua vinywa vyao wazi, tendo linalozuia mijongeo midogo ya ala za matamshi. Mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake walipima mzunguko wa damu katika ubongo wa wanaume 12 wenye skizofrenia. Waligundua kwamba eneo la Broca, ambalo huhusika na utoaji wa lugha, lilipata damu zaidi wakati sauti zilipokuwa zikisikika kuliko zilipokuwa zimenyamaza.

Hapa ndipo kumbukumbu ya kazi inapoingia. Ikiwa sauti hizo hutumia ala zilezile za kitanzi cha kifonolojia, basi kukishughulisha kitanzi kunapaswa kuzipunguza. Hii ndiyo mantiki ya kuvumisha wimbo, kuhesabu au kusoma kwa sauti, mbinu ambazo baadhi ya watu wanaosikia sauti huzitumia ili wapate nafuu, japo haziwasaidii wote kwa kiwang'o kimoja wala kwa muda mrefu.

Hata hivyo, si sahihi kuhitimisha kwamba anayesikia sauti ana kumbukumbu mbovu. Upungufu wa kumbukumbu ya kazi huonekana kwa watu wengi wenye skizofrenia, wanaosikia sauti na wasiosikia, hivyo upungufu huo peke yake hauwezi kuwa sababu ya sauti. Flavie Waters na wenzake walipendekeza mwaka 2006 kwamba hitilafu muhimu ziko mbili: kushindwa kuzuia kumbukumbu zisizohitajika zisijitokeze, na kushindwa kukumbuka zilitoka wapi na lini. Kumbukumbu inayokuja bila kuitwa, bila mahali na bila wakati, inaweza kusikika kama jambo linalotendeka sasa.

5.0 Mipaka ya Maelezo Hayo

Nadharia ya usemi wa ndani ina pingamizi zake. Msikiaji mwanamke huweza kusikia sauti ya mwanamume, ya mzee au ya mtu anayemfahamu. Katika uchunguzi wa Angela Woods na wenzake uliochapishwa mwaka 2015, watu 153 waliosikia sauti waliandika maelezo yao wenyewe. Wengi walisikia sauti zaidi ya moja, na wengi walizipa sauti hizo sifa za wahusika wenye tabia zao. Kwa baadhi ya watu, yanayosemwa hufanana na maneno ya aliyewatesa utotoni. Maelezo ya kumbukumbu zinazojitokeza yanaielekea hali hii vizuri zaidi kuliko maelezo ya usemi uliopoteza mmiliki.

Lakini Vygotsky hajashindwa. Ikiwa usemi wa ndani ulitokana na sauti za wengine, basi si ajabu sauti hizo kujitokeza zikiwa na sura za wenyewe. Fernyhough alipendekeza mwaka 2004 kwamba mtu akilemewa na msongo, usemi uliofupishwa huweza kupanuka ghafla na kurudi katika umbo la mazungumzo kamili, na mwenyewe akauona mgeni.

Utamaduni nao una nafasi yake. Mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 60 wenye maradhi ya akili waliosikia sauti: 20 mjini San Mateo nchini Marekani, 20 mjini Accra na 20 mjini Chennai. Wamarekani walielekea kuzieleza sauti kama dalili za ugonjwa na kama uvamizi wenye ukatili. Wengi wa Accra walimsikia Mungu, na wengi wa Chennai walisikia jamaa zao wakiwashauri au kuwakaripia. Yumkini pale mtu anapolelewa kuamini kwamba nafsi ni nyumba yenye wageni, mgeni akibisha hodi hatishi sana.

6.0 Swali 'Je, Unasikia Sauti?'

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ni dhahiri, basi, kwamba mahojiano mengi baina ya wahudumu wa afya na wagonjwa hufanywa kwa Kiswahili, mara nyingi kikiwa lugha ya pili ya wote wawili. Swali la uchunguzi lililotafsiriwa kutoka Kiingereza huwa 'Je, unasikia sauti?' Swali hili ni sahihi kisarufi, lakini lina utata katika viwango vitatu.

Kwanza ni nomino. Neno 'sauti' hurejelea sauti ya binadamu, na pia mlio wowote unaosikika. Pili ni kitenzi. 'Kusikia' ni kupokea kwa masikio, lakini mtu husikia pia njaa, baridi, harufu na uchungu, na mtoto mtiifu ni mtoto anayesikia. Tatu ni njeo. Kiambishi '-na-' huashiria wakati uliopo, hivyo anayeulizwa anaweza kudhani anaulizwa juu ya dakika ile ile.

Kwa sababu hiyo, jibu la 'Ndiyo' linaweza kuwa na maana nne: nasikia redio ya jirani, nasikia dhamiri yangu ikinisuta, nasikia Mungu akinijibu ninaposali, au nasikia mtu akinisemesha ilhali hayupo. Jibu la 'La' nalo si salama. Anayemsikia marehemu shangazi yake kila usiku anaweza kukana kwa moyo mweupe, kwa kuwa kwake yeye hasikii sauti, anamsikia shangazi. Wa kwanza anaweza kupewa dawa asizozihitaji, na wa mwisho kurudishwa nyumbani bila msaada.

Tatizo jingine linatokana na mada ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili ameifanyia zoezi: usemi halisi na usemi wa taarifa. Daktari wa Ujerumani Kurt Schneider alizipa uzito wa pekee katika utambuzi wa skizofrenia sauti zinazojadiliana juu ya mtu katika nafsi ya tatu, au zinazosimulia matendo yake anapoyatenda. Tofauti baina ya sauti inayosema na mtu na ile inayosema juu yake ina maana kwa tabibu, ingawa siku hizi haichukuliwi kuwa uthibitisho wa ugonjwa. Katika Kiswahili tofauti hiyo hubebwa na kiambishi kimoja tu: 'Umekosa' na 'Amekosa'. Mgonjwa akisimulia kwa usemi wa taarifa, sentensi zote mbili huwa 'Husema nimekosa.' Nafsi ya pili na nafsi ya tatu zimemezwa na nafsi ya kwanza, na tabibu hawezi kujua ipi ilisikika. Dawa yake ni ndogo: mgonjwa aombwe ayarudie maneno kama alivyoyasikia.

Maswali yafuatayo yanapendekezwa badala ya swali moja:

(i) Je, huwa kuna wakati ambapo unamsikia mtu akisema ilhali walio karibu nawe hawamsikii?
(ii) Humsikia kwa masikio, kama unavyonisikia mimi sasa, au maneno huja kama wazo?
(iii) Ni mtu unayemfahamu?
(iv) Yarudie maneno yake kama alivyoyasema.
(v) Unapoimba au kuzungumza na watu, yeye huendelea?

Swali la pili linalenga mpaka wa usemi wa ndani, la nne linahifadhi nafsi, na la tano linagusa kitanzi cha kifonolojia.

Istilahi nazo zahitaji uangalifu. 'Wazimu' na 'kichaa' ni majina ya hukumu. 'Maruweruwe' huelekea zaidi mambo ya kuonekana. 'Pepo' ni dhana tofauti: katika desturi ya kupunga pepo ya watu wa Pwani, pepo husema kwa kinywa cha kiti chake na wote waliohudhuria humsikia, ilhali sauti inayojadiliwa hapa husikiwa na mtu mmoja tu. Istilahi 'mtu anayesikia sauti' haihukumu wala haitangulii utambuzi wa tabibu, mradi maana yake ielezwe mwanzoni.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba usemi wa ndani hutokana na mazungumzo, kwamba kumbukumbu ya kazi huutumia usemi huo kila siku, na kwamba baadhi ya sauti zinazosikiwa huenda ni usemi uliopoteza chapa ya mwenyewe, ilhali nyingine ni kumbukumbu zilizopoteza mahali na wakati. Mtu ambaye sauti zinamtisha au zinamwamuru ajidhuru anastahili kupelekwa kwa wahudumu wa afya bila kukawia. Akifika huko, atakutana na swali, na swali hilo litaulizwa kwa lugha.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na zile za saikolojia na tiba katika kusanifu maswali ya uchunguzi, kuyajaribu kwa wazungumzaji wa lahaja na lugha za kwanza mbalimbali, na kuwafunza wakalimani namna ya kuhifadhi usemi halisi. Kiambishi cha nafsi, ambacho mwanafunzi hukikariri ili apite mtihani, kinaweza siku moja kuamua iwapo mgonjwa ameeleweka.